Kiwiko cha Moronta

Novemba 4

Rosalie amenunua daftari hili na kuliweka kwenye sahani yangu, mahali pa mkate. "Andika humo," kasema. "Masikio yangu yamestaafu." Miaka thelathini na mmoja ya ndoa, na kila msimu ukiisha mimi humwagia machungu yangu jikoni kwake. Mwaka huu nitayamwaga hapa.

Tumemaliza wa nne kati ya timu tano za kundi letu la besiboli. Bosi wa zamani kafukuzwa, na mpya, Tobin Ferris, ana miaka thelathini na sita. Jambo la kwanza alilofanya ni kuniita. Mimi, Kaz Dombek, msaka vipaji wa Wahunzi wa Buffalo kwa miaka ishirini na saba, mtu wa vyumba vya kupanga kandokando ya barabara kuu, mla soseji baridi kwenye viwanja vya shule, leo nimepewa ofisi ghorofa ya tatu, dirisha likitazama uwanja.

"Mzee Kaz," kaniambia, "humu ndani kila mtu anajua hesabu. Wewe unajua watu. Nataka ukae karibu yangu."

Alipotoka, nilikizungusha kile kiti mara tatu. Hilo Rosalie sikumwambia.

Novemba 6

Theluji ya kwanza kutoka ziwani. Nimepiga koleo saa nzima. Mgongo.

Novemba 10

Mkutano. Ukutani kuna ubao wa chuma wenye sumaku arobaini, kila moja na jina la mchezaji. Watu hudhani besiboli ni mchezo wa kiangazi. Kiangazi ni mavuno tu. Timu inapandwa sasa, uwanja ukiwa umelala chini ya theluji: nani abaki, nani auzwe, nani atafutwe.

Swali la kwanza lilikuwa mdakaji. Huyo ndiye anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, anadaka kila mpira, na mtu akijaribu kuiba kituo cha pili, yaani kukikimbilia kabla mpira haujapigwa, ndiye wa kumwahi kwa kuurusha mpira huko. Wetu kwa miaka kumi na mmoja sasa ni Eliezer Moronta. Mkataba wake umekwisha, yuko huru kwenda atakako, na anataka miaka mitatu. Klabu nyingine tano zinamtaka.

Ferris kanigeukia mbele ya wote. "Wewe ndiye uliyemwokota. Tumpe?"

Nikasema tumpe. Vijana wa kompyuta wakaandika. Tangu lini neno langu likaandikwa?

Novemba 15

Moronta kaja kula kwetu kabla ya kurudi kwao Bayaguana kwa mapumziko. Nilimkuta huko Jamhuri ya Dominika akiwa na miaka kumi na saba, anadaka mipira kwa glavu iliyoshonwa na uzi wa kuvulia samaki. Baadaye alikaa kwenye chumba chetu cha chini majira mawili ya baridi. Rosalie alimfundisha Kiingereza na kuendesha gari juu ya barafu, na mpaka leo anamwita mama. Usiku huu kala pierogi, zile sambusa za kuchemsha za viazi, kumi na saba. Rosalie alihesabu kwa sauti.

Nilimsindikiza nje tukakwangue barafu kwenye kioo cha gari lake. Baridi ilikuwa inakata masikio, naye koti liko wazi.

"Funga koti, mtoto. Utakufa."

"Siwezi kufunga vifungo, mzee."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Aliniinulia mkono wa kulia, ule wa kurushia. "Vidole hivi viwili vya mwisho vinakufa ganzi. Vilianza Agosti. Nikikunja kiwiko tu, basi, kama si vyangu."

"Daktari wa klabu anajua?"

"Hajui mtu. Nataka nipumzike nyumbani, nimwone daktari wetu pale mji mkuu. Mzee, huu ndio mkataba wangu wa mwisho wa maana. Usimwambie mtu."

Nikamwambia, "Nimwambie nani?" Kisha nikamfungia vifungo, kimoja kimoja, kama mtoto anayekwenda shule.

Novemba 16

Rosalie kauliza tulikuwa tunaongea nini muda wote ule kwenye baridi. Nimesema matairi.

Novemba 23

Sikukuu ya Shukrani. Bata mzinga wa shemeji, mkavu kama kawaida yake. Ferris kanipigia simu tukiwa mezani, si kwa kazi, kunitakia heri tu. Shemeji kasikia, na mimi nilitaka asikie.

Desemba 1

Ngoja niandike hili kama lilivyokuwa.

Ferris aliniita asubuhi akafunga mlango. Kanimiminia kahawa kwa mkono wake. Anajua natia sukari mbili. Bosi wa zamani hakulijua hilo kwa miaka kumi na minne. Kasema mwenye klabu yuko tayari kumpa Moronta miaka mitatu, ila anataka ukurasa mmoja wenye sahihi yangu. "Sitaki takwimu," kasema. "Nataka jicho lako."

Nilirudi ofisini kwangu nikakaa mbele ya karatasi mpaka saa sita mchana. Nilijiambia mambo mengi. Kwamba klabu hii ndiyo iliyonilisha. Kwamba kiwiko kikivunjika Mei tutakuwa tumefungwa na mtu asiyeweza kurusha, na lawama itakuja kwangu, mimi niliyejua. Kwamba sahihi ni sahihi. Yote ni kweli. Lakini nikiwa mkweli ndani ya daftari langu mwenyewe, kulikuwa na jambo jingine chini ya hayo: nilitaka Ferris aone kwamba ninajua kitu ambacho mashine zake hazikijui.

Niliandika: "Nina shaka na kiwiko cha kulia."

Alisoma akiwa amesimama. "Shaka ya kuona, au ya kusikia?"

Nikaichomeka kalamu mfukoni.

"Kaz. Ya kuona, au ya kusikia?"

"Ya kusikia."

"Kutoka kwake?"

Sikusema ndiyo. Nilitazama dirishani. Vijana walikuwa wanatoa theluji kwenye paa la vibanda vya wachezaji. Ferris akaniwekea mkono begani. "Inahitaji ujasiri," kasema.

Nimeshuka ngazi nikijiona mtu mkubwa. Hisia hiyo ilidumu mpaka kwenye maegesho ya magari.

Desemba 3

Theluji. Hamna la kuandika.

Desemba 10

Nashville, mkutano wa majira ya baridi. Mabosi wote wa ligi katika hoteli moja, mawakala wamejaa ukumbi wa chini kama kunguru kwenye jalala, kila mtu anacheka na kila mtu anasikiliza meza ya jirani. Zamani nilikuwa nakuja kwa kusimama karibu na mlango. Mwaka huu nina kadi shingoni yenye rangi ya dhahabu.

Kwenye foleni ya kifungua kinywa nilimkuta Clyde Hutto, msaka vipaji wa klabu ya magharibi, rafiki yangu tangu tulipokuwa na nywele. Kanikonyeza.

"Poleni na mdakaji wenu."

"Pole ya nini?"

"Si kiwiko kimekwisha? Vidole vinakufa ganzi, ati hata vifungo hafungi."

Sahani iliniwaka mkononi. Vifungo. Vifungo sikuviandika. Nilimwambia Ferris kwa mdomo, juzi jioni tukiwa kwenye ndege ya kuja huku, alipouliza nilijuaje.

"Nani kakwambia, Clyde?"

"Nani hajui? Bosi wangu kashafuta jina lake. Nasikia na wale wa Texas vilevile." Akachukua yai. "Wewe Kaz una nini? Umekuwa mweupe kama jibini."

Ferris nilimwona mchana kwenye lifti. Nikamuuliza. Kasikitika kwa uso mzima. "Mambo huvuja, mzee wangu. Hoteli hii ina masikio mengi kuliko vitanda." Nikamwamini. Naandika hapa kwamba nilimwamini, na kwamba nilifanya bidii ili nimwamini.

Desemba 15

Samaki wa kukaanga wa Ijumaa, ukumbi wa parokia. Fundi bomba, mwuza bima, padri mwenyewe, wote swali moja: Moronta anabaki? Nikasema tunaangalia. "Mnaangalia nini?" kasema fundi bomba. "Tangu nizaliwe sijaona mkono kama ule." Rosalie akaniangalia kwa upande.

Desemba 24

Moronta kapiga simu kututakia Krismasi. Rosalie kaongea naye nusu saa, wanacheka. Aliponiletea simu nilimwashiria kwamba naoga. Nilikuwa nimevaa viatu.

Januari 5

Tumemsaini Teague Lomax, mdakaji wa miaka ishirini na minne, miguu mizuri, mkono wa kawaida. Sumaku yake imewekwa pale ilipokuwa ya Moronta. Ya Moronta haikutupwa. Ferris kaisogeza pembeni kabisa ya ubao, peke yake. Nimeuliza kwa nini. "Subira," kasema.

Januari 6 hadi 9

Theluji siku nne. Barabara zimefungwa. Rosalie na mimi na karata.

Januari 13

Moronta kapiga tena, na safari hii nilikuwa peke yangu nyumbani, au nilidhani hivyo.

"Mzee, habari za baridi?"

"Baridi tu. Nyumbani wazima?"

"Wazima. Mzee, simu yangu hailii. Novemba zilikuwa klabu tano. Sasa wakala wangu anapiga yeye, wanamwambia watarudi, hawarudi. Wewe uko ndani huko sasa. Unasikia nini?"

Nilitazama sinki. "Soko limelala mwaka huu, mtoto. Kwa wote."

"Soko."

"Ndiyo. Mambo ya soko tu."

Jogoo aliwika upande wake. Kisha akasema, taratibu kabisa, "Hakuna kingine unachojua, mzee?"

"Hakuna."

"Haya. Msalimie mama."

Nilipogeuka, Rosalie alikuwa amesimama mlangoni na kapu la nguo. Alikunja mashati yangu yote pale pale mezani, kwa utaratibu, akaenda zake.

Januari 21

Mwenye klabu kaja kukagua kazi. Sandwichi za nyama, watu saba mezani, mimi mkono wa kulia wa Ferris. Walipofika kwenye jina la Moronta, mwenye klabu akauliza, "Huyu si tulimkosa?"

Ferris katabasamu. "Hatujamkosa. Tunamsubiri aive. Pale Nashville niliweka neno moja kwenye sikio moja, juu ya kiwiko. Baada ya siku mbili zile klabu tano zikabaki sifuri. Mwezi ujao atatusainia mkataba wa kambi ya mazoezi tu, bila uhakika wa nafasi kwenye timu, kwa theluthi ya alichotaka. Kiwiko kikipona, faida yetu. Kisipopona, tunamwacha."

Mwenye klabu akapiga meza kwa kiganja. "Wewe ni nyoka, Tobin!" Wote wakacheka.

Nami nilicheka. Nimeiandika sentensi hii mara mbili na kuikata, sasa naiacha. Nilicheka, na kipande cha sandwichi kilikuwa mdomoni.

Januari 22

Nimemwambia Rosalie yote, tangu vifungo. Alikuwa anamenya viazi, na hakuacha.

"Kwa hiyo yule mtoto alikwambia wewe, ukamwambia yule."

"Nilidhani ni wajibu."

"Ulidhani ni ofisi," kasema. "Ulidhani ni dirisha. Mimi nakujua, Kaz. Ungekuwa unaona wajibu, ungempigia Eliezer kwanza: mwanangu, siwezi kuficha hili, waambie mwenyewe. Ulimpigia?"

"Hapana."

"Mpigie sasa."

Nilishika simu. Nilibonyeza namba zote isipokuwa ya mwisho. Viazi vikachemka, tukala, akalala chumba cha chini, kile cha Moronta. Kasema ni kwa sababu nakoroma.

Januari 30

Niliingia kwa Ferris bila kubisha hodi.

"Ulinitumia."

"Keti, Kaz."

"Nitasimama."

"Simama basi. Nikuulize: ulipoandika ule ukurasa, ulidhani nitaufanyia nini? Nitaufungia kabatini?"

"Nilidhani hutampa mkataba. Basi."

"Akose kwetu, apate kwa jirani, jirani ndiye apate hasara, nawe ulale vizuri." Hakupandisha sauti hata kidogo. "Mimi angalau namtaka arudi."

Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo wake. Kwa ukweli sikuwa nimejiandaa. Nilibaki nashika kiti.

Ndipo akanisukumia bahasha. "Wakala wake anasema hatasaini kwa simu. Nenda wewe Bayaguana. Wewe anakuamini."

Ningeweza kumrushia ile bahasha usoni. Nimewaza hivyo njia nzima kurudi nyumbani, nikiwa na bahasha mfukoni. Najiambia naenda kukiri.

Februari 8

Bayaguana. Nimetoka kwenye theluji ya magotini hadi joto la kuloweka shati kabla sijafika getini. Mama yake Moronta kanibusu, kanipa kahawa kwenye kikombe kidogo, kauliza habari za Rosalie. Wazee walikuwa wanapiga domino barazani kwa kishindo. Moronta alitoka bandani, akafuta mikono, akanipa ule wa kushoto.

"Karibu, bwana Dombek."

Miaka kumi na minne hajawahi kuniita hivyo.

Tulikaa uani, kwenye viti vya plastiki, mkewe Yudelka akianika nguo hatua chache kutoka tulipo. Nilikuwa nimeipanga hotuba yangu kwenye ndege. Nikaanza, "Mtoto, kuna jambo lazima—"

"Sikumwambia hata Yudelka," akasema.

Nikaishika bahasha mfukoni.

"Mke wangu mwenyewe habari za vifungo sikumwambia, asije akakosa usingizi. Mama pia. Wakala pia. Krismasi wakala ananiuliza, habari za vifungo ni kweli? Nikacheka. Nikamwambia dunia nzima kuna mtu mmoja tu niliyemwambia habari za vifungo."

"Kwa hiyo uliponipigia Januari, ulikuwa unajua."

"Nilijua."

"Sasa kwa nini ulipiga?"

Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Nilitaka useme mwenyewe. Nilikupa mlango, ukawa wazi kabisa. Nikakuuliza mara mbili." Akaonyesha kwa vidole: mbili. "Ungesema 'mwanangu, nimekosa', ningetukana, ningelia, tungemaliza. Ukanipa soko."

Alikunja shati. Ndani ya kiwiko kulikuwa na kovu jembamba, bado jekundu. "Wiki ya kwanza ya Desemba walinipasua pale mji mkuu. Mshipa wa fahamu ulibanwa, basi. Kazi ya dakika arobaini. Vidole vimerudi vyote. Lakini kila klabu wakala anayoipelekea karatasi za daktari, wanasema: aha, kumbe kweli alikuwa mgonjwa."

Nilimwambia asisaini. Naapa nilimwambia. Nikasema angoje, mtu ataumia mahali fulani kabla ya Aprili, watampigia.

"Umri wangu haungoji," kasema. "Nina watoto watatu, na kazi yangu ni kuchuchumaa. Lete karatasi."

Akasaini juu ya goti lake. Yudelka akaja kuchukua vikombe. Cha kwangu kilikuwa bado kimejaa. Akakimwaga kwenye majani na kukichukua.

Februari 19

Kambi, Florida. Rosalie hakuja. Ni mara ya kwanza tangu tuoane. Kasema ana mambo parokiani.

Februari 26

Mvua. Mazoezi yamefutwa.

Machi 9

Leo mchezaji mwepesi kuliko wote wa timu ya St. Louis kajaribu kuiba kituo cha pili. Moronta kainuka, karusha. Mpira ulipita chini, mnyoofu, kama umevutwa kwa kamba, ukamngojea yule mtu pale. Uwanja mzima ulipiga kelele. Mkono wa miaka ishirini. Watu wa klabu walinigonga mgongo mpaka kahawa ikamwagika: mali safi, Kaz, kwa bei ya karanga!

Machi 12

Kafanya tena, mara mbili. Lomax ameanza kukaa benchi akimwangalia kama mwanafunzi. Moronta anamfundisha jinsi ya kuweka miguu; anamfundisha kwa upole, anacheka naye. Akiniona nakuja, anamaliza sentensi yake, anaokota glavu, anakwenda upande wa pili wa uwanja. Si kwa hasira. Anakwenda tu.

Machi 20

Ferris kaita waandishi wa habari kando ya uwanja. Kasema Moronta ameshinda nafasi, atadaka mechi ya kwanza ya msimu. Wakamuuliza alimpataje kwa bei ile. Kanivuta kwa bega nikaingia kwenye kamera zao.

"Hii ni kazi ya kichwa cha huyu mzee," kasema. "Anamjua Moronta tangu akiwa mtoto. Kila tulichojua, tulikijua kupitia kwake. Kuanzia leo Kaz Dombek ni naibu wangu."

Wakapiga makofi. Moronta alikuwa amekaa hatua tano kutoka hapo, anafungua kinga za miguu. Alifungua ya kushoto. Alifungua ya kulia. Akaziweka pamoja vizuri, akaingia ndani.

Nikampigia Rosalie. Alikuwa ameshaona kwenye televisheni.

"Naibu," kasema.

"Ndiyo."

"Mkono wake vipi?"

"Mzima. Mzima kabisa, Rosalie. Anarusha kuliko mwaka jana."

Nilisikia maji yakifungwa upande ule, na kiti kikivutwa.

"Yaani hata ugonjwa wenyewe ulikuwa wa dakika arobaini," kasema. "Umemuuza yule mtoto kwa ugonjwa ambao hana."

Nikasema nitarudi Aprili, tutaongea. Akasema ufunguo wa nyumba ameuacha chini ya zulia la mlangoni, yeye Aprili nzima atakuwa Bayaguana, Yudelka amemwalika.